Kasi na solo ndefu hazitoshi kumtaja bora

Kwenye orodha yako ya wapiga drams bora umesema bora ni mwenye kasi na solo ndefu, yaani vipande anavyopiga peke yake. Sikubaliani. Ndani ya wimbo kinachobeba kazi ni mpigo wenyewe, na hapo mimi namweka Clyde Stubblefield, mpiga drams wa James Brown, juu kabisa. Sikiliza "Funky Drummer" ya James Brown (1970), pale ala nyingine zinaponyamaza. Mkono wa kulia unagonga haihati (visahani viwili vinavyofunguka na kufungwa kwa mguu) mara 16 kwa kila baa, yaani kila mzunguko wa mapigo manne, sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali) inalia kwa nguvu kwenye pigo la 2 na la 4, na katikati mkono wa kushoto unapenyeza kwenye sneya vipigo vidogo vinavyosikika kwa mbali tu. Hivyo vidogo ndivyo vinavyofanya watu wacheze. Ukitaka kuvijaribu, fimbo isiinuke zaidi ya sentimita 2 au 3 juu ya ngozi ya sneya, na iinue juu kwa pigo kubwa tu. Wengi hukosea kwa kuvipiga kwa nguvu ileile, kisha pigo la 2 na la 4 linamezwa na mpigo unakuwa kelele tupu.

Jeff Porcaro, mpiga drams wa bendi ya Toto, alitumia ufundi huohuo wa vipigo vidogo kwenye wimbo wao "Rosanna" (1982), akiuchota kwa wapiga drams Bernard Purdie na John Bonham.

Na orodha yako haina Tony Allen! Bila mpiga drams huyu, afrobiti, muziki wa Mnigeria Fela Kuti, isingekuwa ilivyo: mikono na miguu, kila kiungo na mpigo wake, na havigongani.