Shangazi, mume wangu ni mpishi wa hoteli na hataki kabisa tutoke kula

"Shangazi shikamoo. Mimi ni mdada wa miaka 26, nimeolewa mwaka mmoja na miezi saba, mtoto bado. Nafanya kazi ofisini Posta, mume wangu ni mpishi kwenye hoteli moja kule Masaki, tunaishi Kinyerezi. Enzi za uchumba tulikuwa tunatoka kila wiki, mara Coco, mara Bagamoyo, saa hizi nikimwambia tutoke anasema amechoka kuona mahoteli. Besdei yangu nilimlazimisha tukaenda sehemu nzuri Mikocheni, bili ikaja elfu 90, yeye muda wote anaangalia mlango wa jikoni anasema huyu kuku kapikwa jana. Tulirudi kwenye bajaji tumenuniana. Ofu yake ni Jumanne, anaenda Feri asubuhi kununua samaki anashinda anapika, mimi narudi nimechoka na nimeshakula na wenzangu, na yeye ananuna. Desemba tunatimiza miaka miwili, nilitaka twende Zanzibar, akasema haiwezekani. Nimeanza kutoka na wenzangu wa ofisini kila Ijumaa, kuna kaka mmoja ndo huwa anatulipia, hakuna kitu kati yetu ila nyumbani nasema nilikuwa na wadada tu. Shangazi, mume wangu kanichoka?"

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nikaona shida ni kutoka kula, mara ya pili nikaona shida ni huyo kaka wa Ijumaa, mara ya tatu ndo macho yangu yakatua kwenye Jumanne, na wewe Jumanne umeipita mbio kama vile haina maana.

Hebu rudi pale tuitazame pamoja. Mtu siku sita amesimama mbele ya jiko la watu, anarudi saa saba usiku ananuka mafuta ya kukaangia, ofu yake ni moja tu kwa wiki, na hiyo moja anaamka anaenda Feri kugombania samaki na wachuuzi, anarudi Kinyerezi na daladala kashika mfuko unaotiririka maji, anakuna nazi, anapika, anafunika, anaoga, anakaa kukusikilizia geti. Saa mbili usiku unaingia, unavua viatu mlangoni unasema "nimeshiba jamani, kesho". Huko hotelini anapikia watu asiowajua hata sura, sahani ikishatoka dirishani imetoka, hajui imeliwa ikaisha au imerudi nusu. Nyumbani ndo sehemu pekee anayoweza kumuona mlaji anakula. Jumanne alikuwa anasubiri hicho tu, akuone unakula. Wewe unasema anakataa kutoka na wewe, na nina hakika na yeye angeniandikia angesema mke wangu anakataa chakula changu, na wote mngekuwa mnasema kweli.

Kwa hiyo hapana, hajakuchoka. Kachoka hoteli, na hoteli na wewe ni vitu viwili tofauti, shida ni kwamba unavileta pamoja halafu unampima mapenzi hapohapo.

Nakwambia hivi kwa sababu yamenikuta. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa basi la mkoani, Dar Mwanza miaka na miaka. Nikimwambia tupande basi twende kwetu Tanga hataki, atatoa nauli, atanipeleka mpaka stendi, lakini kupanda hapandi, na mimi nikanuna karibu mwaka mzima nikijua kwetu hakupendi. Siku aliyokubali nilimkalisha kwa heshima zote kiti cha mbele dirishani, tumefika karibu na Chalinze natupa jicho chini naona mguu wake wa kulia unakandamiza sakafu, kila dereva akiovateki na yeye anakanyaga breki ambayo haipo, shati limelowa mgongoni. Tulivyofika Tanga alilala mpaka jioni kama katoka Mwanza. Safari iliyofuata sikusema kitu, nilikata tiketi za siti ya nyuma kabisa ambako barabara haionekani, nikampakatisha mtoto, na hapo ndo nikamuona kwa mara ya kwanza akiwa abiria, anakula korosho anaangalia nje.

Sasa wewe siku ya besdei ulimkalisha mumeo wapi? Umesema mwenyewe, alikuwa anaangalia mlango wa jikoni. Mpishi akiona mlango wa jikoni unafunguka anahesabu sahani, anajua oda ya meza ile imechelewa, anasikia harufu ya mafuta yaliyorudiwa, anajua kabisa kuku yupi kachemshwa jana akaangwe leo. Kuzima hicho kichwa hawezi, ndo kinachomlipa mshahara. Na simtetei yeye hapo, maana kusema kuku kapikwa jana mbele ya mke aliyevaa kapendeza siku ya kuzaliwa kwake ni kukosa adabu, angeweza kumeza maneno akakusifia gauni. Hilo mwambie, na umwambie kwa upole siku ambayo hamjagombana.

Ila nikuulize, enzi za uchumba mlikuwa mnaenda wapi? Coco umesema. Bagamoyo umesema. Hujataja hata hoteli moja! Mlikuwa mnakula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na chachandu, mmesimama, upepo unapeperusha sketi, mishkaki inageuzwa na kijana mwenye kipepeo cha ukili. Siku hizi kwa sababu una kazi Posta na unaona picha za wenzio unataka kitambaa mezani na glasi yenye mwavuli, na hicho ndo kitu anachokikimbia. Mpeleke kwa mama anayepika makongoro saa kumi na mbili asubuhi, mpeleke kwenye pweza, mpeleke kwenye urojo, hapo utaona anavyochangamka na kuuliza hiki umeweka nini. Akiwa na mtu anayepika kwa mkono wake hajioni yuko kazini, anajiona yuko na mwenzie.

Na sasa hili ndo ninalotaka ulifanye kabla hujafanya lingine lolote. Jumanne yeye yuko Feri asubuhi. Wewe uko Posta. Mwanangu, Feri na Posta ni mwendo wa miguu, mnapishana kila wiki hatua chache halafu mnanuniana Kinyerezi usiku! Mwambie Jumanne asiende alfajiri, aende mchana mchana, ukitoka lunch saa saba unateremka mnakutana, anachagua samaki mwenyewe kwa jicho lake la kazi, anafunua mashavu anaangalia wekundu, anampa mkaangaji pale, mnakula kwa mikono na ndimu na kachumbari, saa nane unarudi ofisini unanuka samaki na hakuna atakayekufa. Hiyo ni kutoka, na ni ofu yake, na mlaji anamuona anakula. Halafu jioni akipika mwambie apike kidogo, na njiani usile chochote. Chochote, hata karanga.

Na kama unatamani Jumapili moja moja muwe wote nyumbani, hotelini huwa wanabadilishana ofu. Akiongea mapema na mwenzie kabla rosta haijatoka anaweza kupata Jumapili moja kwa mwezi. Sio kila wiki, usimbane, jikoni wikiendi ndo kuna kazi na wote wanaitaka hiyo siku.

Haya, Zanzibar. Alivyokwambia Desemba haiwezekani ulielewa hataki, na yeye kwa uchovu wake hakukufafanulia. Mpishi wa hoteli kuomba likizo Krismasi na mwaka mpya ni sawa na mwalimu kuomba ruhusa wiki ya mitihani, wageni ndo wamejaa, wa ndani na wa nje, hata akiomba atarudishiwa fomu. Sheria ya kazi inampa siku 28 za likizo kwa mwaka, na wewe vilevile unazo 28, lakini mwajiri ndo mwenye sauti kwenye lini. Kwa hiyo muombe wote wawili mapema muda ambao hotelini hawamhitaji, na muda huo ni masika, kuanzia Machi mpaka Mei, wageni wanapungua, hoteli zinawasukuma wafanyakazi wao wakapumzike, na huko Zanzibar vyumba vinashuka bei, vingine sana tu. Mvua itawanyeshea, ndiyo. Boti itacheza kidogo. Lakini mtakuwa wawili, yeye hajaacha oda nyuma yake, na mtalipa hela ambayo haiwarudishi kwenye mikopo ya kausha damu mkishafika nyumbani, maana nimeona ndoa changa ngapi zinaenda kupiga picha Nungwi kwa mkopo wa simu zikirudi zinagombania hela ya luku.

Masika ni mbali najua. Hapo katikati omba siku moja ya likizo, Jumanne, mpande treni ya umeme asubuhi muende Morogoro. Safari haifiki hata masaa mawili, daraja la kawaida ilipoanza 2024 ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu. Mnapanda kidogo Uluguru, mnakula ndizi, jioni mnarudi, Jumatano kila mtu kazini kwake.

Nimemuacha huyo kaka mwishoni sio kwa sababu ni mdogo. Umesema hakuna kitu na mimi nakuamini. Umri wako ni wa kutoka na kucheka na wenzio, sitakwambia ukae ndani Ijumaa mpaka saa saba usiku ukimsubiri mtu, huo ni upweke na upweke ndo ulioanzisha yote haya, kwamba unalala yeye anarudi, unaamka yeye kalala. Lakini kuna sentensi moja umeiandika wewe mwenyewe, "nyumbani nasema nilikuwa na wadada tu". Kama hakuna kitu, unaficha nini? Unaficha kwa sababu wewe unajua hiyo bili ina maana gani hata kama hajasema. Mwanaume anayelipa meza nzima kila Ijumaa na mshahara ni uleule kama wenu anaweka akiba, na akiba huja kuchukuliwa siku moja, siku ambayo utakuwa umegombana na mumeo na una hasira. Ijumaa hii lipa soda yako na chipsi zako mwenyewe, akisema "usijali shem" mwambie asante nimeshalipa, basi, bila hotuba. Na mumeo mwambie wewe kabla hajaambiwa na mtu. Mwambie tunakuwaga wengi, wanaume wapo, kuna mmoja alikuwa anatulipia nimeacha. Atakasirika siku mbili. Siku mbili sio nyingi.

Usimwambie usiku akirudi kazini, mtu aliyesimama masaa tisa na kitu miguu inamuwaka moto hawezi kusikiliza jambo kama hilo. Mwambie Jumanne, mkiwa pale Feri, samaki akishaisha na mmeshanawa mikono. Halafu niandikie alichosema.