Embe zangu hazimalizi siku tatu, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Niko Mkuranga, napeleka embe dodo Buguruni. Nikiangua leo, keshokutwa zishaanza madoa meusi na kulainika, wateja wananishusha bei mpaka nalia. Kuna jamaa kaniambia niziweke kwenye friji zikiwa bado hazijaiva, ni sawa?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Friji usithubutu! Embe ambayo haijaiva ikikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 13 hivi inaumia, ganda linapauka kama majivu na ukiitoa haiivi vizuri, na friji ya nyumbani inapoza mpaka nyuzi 4 au 5 hivi. Zilizokwisha kuiva ndo unaweza kuziweka siku chache.

Mimi nataka kujua mnaziangua vipi, maana kama vijana wanapopoa au wanatikisa tawi basi hasara imeanzia pale pale chini ya mti, embe ikidondoka kwa nje unaiona nzima kumbe ndani ishapondeka. Tumia upondo wenye kifuko cha wavu, embe ishuke na kikonyo chake kirefu kidogo, ipeleke kivulini hapo hapo, halafu ndo ukikate na uigeuze kichwa chini utomvu uchuruzike bila kugusa ganda. Ule utomvu unaunguza, alama nyeusi nyingine zinatoka huko.

Madoa yanayotanuka embe ikianza kuiva mara nyingi ni ukungu, unaingia tangu tunda likiwa dogo mtini unakaa kimya unasubiri. Huo unapunguzwa kwa maji ya moto ya nyuzi 52 kwa dakika 5, mapema baada ya kuangua, kisha unazipoza kwenye maji safi ya kawaida na kuzikausha. Lazima uwe na kipimajoto jamani, usikadirie kwa mkono, maji yakizidi moto unazichemsha, na jaribu embe chache kwanza.

Tenga nalo liangalie, za juu zinazikandamiza za chini, kreti za plastiki ni bora hata kama ni za kukodi. Iliyoanza kuiva itoe, inatoa gesi ya ethilini inayoziivisha zenzake haraka. Na gari lipakiwe jioni lisafiri usiku, siyo embe zishinde juani zinasubiri dereva.