Kwani nani kasema lazima apike?

Mhariri, wiki hii mmeuliza hivi: mwanafunzi wa chuo asiyependa kupika ale nini cha haraka na chenye afya? Binti yangu ndo alinisomea, nikacheka, halafu kidogo nikaudhika. Mie nauza mbaazi na mahamri hapa Malindi, mtaa siutaji manake wateja wangu wanajijua, wengi wao ni hao hao wanafunzi mnaowauliza, wamepanga virumu vya uwani, kitanda, meza, ndoo mbili, na mtungi wa gesi wa kilo 6 kama nyumbani wamejaliwa. Wa hosteli hata mtungi hawaruhusiwi, ana birika la stima amelificha chini ya kitanda. Sasa mtu ka huyu ukimwambia aoke kuku na bilinganya, aoke wapi?

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni kwamba asipike. Kuna mtu keshaamka saa tisa usiku kumpikia, ni kazi yake, kamnunulie. Watu wanaandika mambo ya chakula cha wanafunzi kana kwamba mwanafunzi ametupwa kisiwani yeye na jiko lake. Huku pwani ukitoka tu mlangoni asubuhi kuna mbaazi, kuna muhogo wa kuchemsha, kuna uji, jioni kuna samaki wa kukaanga, kuna mayai ya kuchemsha na kachumbari. Na mbaazi si chakula cha kudharau. Protini yake inapungukiwa na kitu ambacho kimo kwenye ngano, mchele na mahindi, na zile nazo zinapungukiwa na kilichoko kwenye mbaazi, ukizila pamoja zinakamilishana. Bibi zetu hawakusomea hayo na wala hawakukosea.

Ila niseme ukweli ingawa nauza mwenyewe: hamri ni unga mweupe, sukari, na mafuta ya kukaangia. Mtoto anayekuja kununua mahamri manne na mbaazi za kijiko kimoja juu, huyo hajala mbaazi, amekula mahamri. Niambie "mama, mbaazi nyingi, hamri moja" na sitakasirika, wallahi.

Lakini kilichonigusa hasa kwenye swali lenu ni hilo neno "asiyependa". Kuna mvulana mmoja, katoka bara, alikuja kusoma hapa miaka ile kabla ya korona. Asubuhi kwangu, mchana tambi za pakiti, usiku tambi za pakiti. Najua manake alikuwa akinunua duka la jirani na jirani haweki siri. Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Wenyeji wanajua, asubuhi benchi zangu nimezipindua, vibanda karibu vyote vimefungwa, vinavyouza vina pazia mlangoni. Yeye hakuambiwa na mtu. Alikuja asubuhi ya kwanza akasimama pale anaangalia benchi, akarudi zake. Basi ikawa tambi asubuhi pia.

Siku moja alasiri niko kwenye moto natengeneza vitu vya futari, namwona anakuja na sufuria mkononi. Ananiamkia vizuri tu, halafu anasema, "Mama, samahani, hivi wewe ukipika mbona haishiki chini?" Nikaitazama ile sufuria. Chini kulikuwa na tambi zimeganda nyeusi tabaka juu ya tabaka, ya jana imepikiwa juu ya ya juzi, katikati amekwangua kwa kijiko mpaka bati linang'aa. Mie nimefunga, moshi machoni, watu wa futari wanakaribia kuja, sina subira ya kumfundisha mtu. Nikamwambia, "Mwanangu, weka hiyo maji uiache hapo. Kaa kwenye mbuzi unikunie nazi."

Hajawahi kukaa kwenye mbuzi. Alikaa kama mtu anayepanda punda kwa mara ya kwanza, miguu huku na huku, anaogopa yale meno. Akashika kizio cha nazi akawa anasugua palepale mpaka ikatoka ile rangi ya hudhurungi ya ganda, nazi yote ikawa na chembechembe. Nikamwonyesha: unaanzia ukingoni, unazungusha kidogo kidogo, weupe ukiisha hapo unasonga, usiugombanishe na ganda. Ya pili ikatoka afadhali. Ya tatu ikatoka nyeupe kabisa, akawa anaiangalia. Nikamwambia aongeze mbili.

Tukakamua. Tui la kwanza, lile zito, nikaliweka kando. La pili ndo likaenda kwenye mbaazi, na hizo mbaazi nilikuwa nimeziloweka tangu usiku, bila hivyo utachoma gesi mpaka ulie. Kitunguu, pilipili mbichi mbili nzima, chumvi, manjano kidogo. Halafu tui zito mwisho, moto mdogo, nikampa mwiko nikamwambia akoroge asiache, akiacha litakatika. Kila baada ya kitambo, "Mama, bado?" Koroga. "Mama, limeanza kuchemka." Koroga. Watu wakaanza kuja na mabakuli yao, kila mmoja anauliza huyu kijana mgeni ni nani, na yeye hawezi kujibu manake ameambiwa asiache mwiko.

Maghribi ikaadhiniwa, akafuturu nasi, mkekani na wanangu. Tende, uji, mbaazi, muhogo wa nazi, tikiti maji. Nadhani alikula tikiti kuliko kitu kingine chochote. Binti yangu akamuuliza kama kwao hakuna. Akasema yapo, ila tangu aje Malindi hajanunua tunda hata moja, manake tikiti zima atalimaliza na nani? Jamani. Barabarani yanauzwa ya vipande, papai linauzwa la kipande, nanasi kipande, na msimu wa maembe ukifika hapa ngowe zinaoza chini ya miti watu wameshindwa kuzila. Alikuwa anapita hapo kila siku. Hakuna aliyemwambia.

Alikuja mara nyingi mwezi ule. Msidhani alianza kupenda kupika, hapana, mpaka anamaliza masomo alikuwa anachukia. Ila nikaja kuelewa anachokichukia ni nini. Kukuna hakuona tabu, kukoroga alilalamika lakini alikoroga. Ni kusimama peke yake kwenye kile chumba akingoja kitu kiive, akimaliza kula kwa dakika tano anabaki na sufuria ya kuosha na maji ya kuteka bombani nje. Sasa hapo mapishi ya haraka yatamsaidia nini? Tambi ndo haraka kuliko vyote, na ndizo zilizomtoa vidonda vya mdomo.

Tena tambi zina chumvi. Binti yangu amesomea mambo ya lishe, ananiambia Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai, na ale mboga na matunda yasiyopungua gramu 400. Ule unga wa kwenye pakiti ukiutia wote mara tatu kwa siku, hiyo chumvi umeshaipita, na mboga hujaiona. Mwenye tambi tayari basi atie nusu ya unga, avunjie yai, atupie mchicha mwishoni, mchicha unaiva kabla hujafunika sufuria.

Yule mvulana alichoniomba nimfundishe kabla ya kuhama ni kimoja tu, pojo. Huko bara mnaziita ndengu. Hazihitaji kulowekwa kama mbaazi, nusu saa au zaidi kidogo zimeiva. Na kwa mtu asiyetaka kusimama jikoni kuna njia ya chupa ya chai: zioshe, zichemshe dakika kama kumi, zimimine na maji yake yakiwa bado yanatokota kwenye chupa ile yenye mdomo mpana, funga, nenda darasani. Mchana utazikuta laini. Unatia chumvi, kitunguu, nyanya, ndimu, unakula na chapati ya kununua. Sufuria umeitumia dakika kumi, hakuna kilichoganda. Ila maharage mekundu msiyafanyie hivyo, hayo yana sumu yao yakiwa mabichi, lazima yachemke sawasawa motoni.

Sasa naona nimeanza kwa kusema asipike na hapa nafundisha kupika, binti yangu ananicheka. Ni kwamba nikiwaza ule mwezi, mie sikuwepo asubuhi. Na kuna siku za mvua kuu sifungui, kuna siku za msiba sifungui, na kuna siku mwanafunzi hana hata ya hamri moja ilhali kikombe cha pojo kabatini anacho. Mtu wa kununua tu, muuzaji akikosekana anarudi kwenye pakiti.

Kwa hiyo jibu langu, kama mtalichapa: kile kinachochukua muda anunue, mbaazi, samaki, kisamvu cha nazi kama anampata mama anayekiuza, na kile kisichohitaji moto afanye mwenyewe, kachumbari, avokado, ndizi, papai la kipande. Halafu ajue vitu viwili tu vya jiko, yai na pojo. Wawili watatu wakila pamoja ni bora zaidi, mmoja anunue, mwingine aoshe, ingawa hilo nalo lina ugomvi wake na mie siingii.

Na hayo yote ni kwa mwenye jiko. Wa hosteli mwenye birika, yai litaiva humo, pojo za chupa siwezi kumwahidi. Kitu kimoja tu kwa wote, hasa mliotoka kwenye baridi: joto la hapa si la kwenu. Wali ukilala nje usiku kucha kuna vijidudu vinatengeneza sumu ambayo hata ukiupasha moto haitoki, na cha nazi ndo kabisa, kinachacha kabla ya alfajiri. Huna friji, nunua cha kumaliza.