Bledi ya Kabaidi: Kabla ya Kuipeleka kwa Mnoaji

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba bledi yake ya msumeno wa mezani, yenye meno ya kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma), imeanza kuunguza mbao, na anauliza ainoe mwenyewe au aipeleke kwa mnoaji. Ndugu yangu, kwanza ioshe.

Nasema hivi kwa uchungu. Niliwahi kumpelekea mnoaji bledi ya meno 60 niliyoitegemea kwa plaiwudi. Meno yake yalikatwa mshazari, moja kushoto, jingine kulia. Hakuuliza naikatia nini. Ilirudi inang'aa, meno yote yamesagwa bapa, na kuanzia siku hiyo ikawa inanyofoa kingo za plaiwudi. Hela nililipa, bledi ikanipotea. Mpaka leo linaniuma.

Tangu hapo nanoa mwenyewe, na najivunia kazi yangu. Chomoa umeme, toa bledi, iloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, kisha isugue kwa mswaki. Mara nyingi kinachounguza mbao ni utomvu uliogandia kwenye meno, wala si ubutu. Ikaushe vizuri, halafu elekeza jino kwenye mwanga. Ukingo mkali hauonekani. Ulio butu unatoa kimstari cheupe.

Ukikiona, noa. Tupa ya kawaida haifui dafu kwa kabaidi. Tafuta ya almasi, yenye chenga laini. Ilaze bapa kwenye uso wa jino, ule unaotangulia kuingia kwenye mbao, usiiinamishe. Weka alama kwenye jino la kwanza kwa kalamu, kisha kila jino lipate misuguo sawa. Mitano inatosha, ukiwahi kabla halijachakaa sana. Lowesha kwa maji na uvae barakoa, kwani vumbi la kabaidi lina kobalti, nayo inadhuru mapafu.

Lakini fundi, usijivike ujuzi usio wako. Jino likimeguka au liking'oka, peleka. Meno hayo yameunganishwa kwenye chuma kwa kulehemu, na jipya likishawekwa lazima lisagwe lilingane na mengine. Tupa ya mkononi haiwezi kazi hiyo. Bledi iliyopinda nayo peleka.

Na ukipeleka, usikubali kuiacha mezani na kuondoka. Muulize kama anatumia jiwe la almasi. Andika kwenye karatasi unakata nini na meno yamekatwaje, uifunge kwenye tundu la bledi kwa uzi, na umsomee mbele yake.