Zilikuwa Mbili

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Umewahi kuona mwanga angani usiku ukashindwa kuueleza?" Mimi ni mvuvi wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Jibu langu ni ndiyo, lakini mara moja tu. Mengine ninayoyasikia kijiweni yana maelezo yake.

Ule mkufu wa taa, kwa mfano. Mara ya kwanza tuliuona baada ya Maghribi. Taa zilifuatana kama shanga, kimya, zikapita juu ya mikoko, kisha zikawa zinazimika moja moja zikifika mahali pale pale. Jirani yangu akaanza kusoma Ayatul Kursi. Kumbe ni setilaiti za Starlink, ambazo Mei 2019 zilianza kurushwa huko Marekani, 60 kwa mpigo. Zikiwa mpya hufuatana, baadaye hutawanyika. Wala si taa: kwetu jua limeshatua, kule juu bado linazipiga, na zikiingia kwenye kivuli cha dunia hatuzioni tena.

Ami yangu alicheka hadi akakohoa. "Nyinyi wa Ngomeni ndio wa kuogopa setilaiti?" Ana haki. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, jukwaa la San Marco la Wataliano, hapa hapa ghubani kwetu, lilirusha setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Roketi ya mwisho iliondoka hapo 1988. Ami habari za miale hazimhusu. Anachokumbuka ni ngurumo iliyompiga kifuani, na kuku wa mamake walivyokimbilia mvunguni.

Sasa ya kwangu. Tulikuwa wawili, mimi na mpwa wangu, dau limetia nanga nje ya mwamba. Saa sita usiku, mwezi haujatoka, upepo umelala. Upande wa mashariki ikatokea taa rangi ya kaa la moto, ikasimama. Nilidhani ni taa ya chombo, lakini ilikuwa juu mno: ukinyoosha mkono, vidole vitatu kutoka majini. Ndege? Hatukusikia mlio. Sayari ya Zuhura? Zuhura haliachi jua mbali, saa sita ya usiku huwezi kuliona. Fataki ya meli inayoomba msaada haidumu vile, na haikai mahali pamoja.

Ilikaa kiasi cha mtu kumaliza sigara. Halafu ikagawika. Moja ikaenda kusini polepole, nyingine ikazama pale pale ilipo. Kilichonihakikishia kuwa sioti ni maji: yalikuwa na michirizi miwili myekundu iliyofika hadi ubavuni mwa dau. Samaki alikuwa anavuta mshipi mkononi mwangu, nikamwachia akaenda na ndoana yangu.

Nilimweleza Ami asubuhi. Hakucheka. Aliuliza tulikuwa pima ngapi, na mkondo ulikuwa unavuta wapi, kisha akarudi kushona jarife lake.

Tatizo langu sasa ni mpwa wangu. Juzi nimemkuta kijiweni akiwahadithia vijana kuwa zilikuwa tano, na moja ilitufuata hadi bandarini. Zilikuwa mbili.