Vitz ya mtumba na eabegi iliyoitwa irudishwe kiwandani

Dada, umeuliza kama Vitz yako ya 2006, uliyonunua mkononi hapa Nairobi, bado inaweza kubadilishiwa eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) ya Takata, kampuni ya Japani ambayo eabegi zake ziliitwa zirudishwe kwa sababu ya kasoro. Fuatilia leo, usingoje. Eabegi hizo hufumuka kwa kemikali iitwayo amonia naitreti. Joto na unyevu vikiishambulia miaka mingi, hulipuka kupita kiasi, na kopo la chuma lililoibeba hupasuka. Vipande huruka usoni mwa dereva au abiria. Kwa hiyo gari likizidi kuzeeka, hatari nayo inazidi.

Fungua logibuku, nakili nambari ya chesisi, kisha ilinganishe na ile iliyopigwa kwenye bodi, herufi kwa herufi. Itafute kwenye tovuti ya Toyota ya Japani, maana gari lilitoka huko, halafu uipeleke kwa wakala wa Toyota hapa. Uliza wazi: kazi hii ni bure? Kipuri kipo? Omba jibu kwa maandishi.

Tafadhali usinunue eabegi ya mtumba Kirinyaga Road, huenda ikawa ni ile ile mbovu. Wala fundi wa mtaani asiichomoe ile iliyo garini. Kama yenye kasoro ni ya upande wa abiria, kiti cha mbele kikae kitupu mpaka ibadilishwe.