Dada, usitunge ushanga hata mmoja kabla hujauvaa huo waya

Dada mleta mada, weka koleo chini kwanza. Umeandika kwamba unataka kutengeneza nyumbani mikufu 25 ya shanga na waya kwa ajili ya sendofu ya mdogo wako. Umeuliza shanga saizi gani, nyuma ya shingo ufungie nini, na ukipata wateja utoze bei gani. Sawa. Lakini katikati umepitisha sentensi moja kana kwamba si kitu: waya umeshanunua, roli nzima, unang'aa, na muuzaji kakuambia "huu ni silva, haushiki kutu". Niliposoma hapo moyo ulinilipuka pa! Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, nikayaamini, na yakanitoa shilingi 610,000.

Nilipewa oda ya mikufu 30 ya kicheni pati hapa Dar, elfu 15 kila mmoja. Sare ilikuwa magauni ya rangi ya maziwa, mikufu ya shanga za bluu na dhahabu. Nilikesha karibu wiki tatu. Nilikuwa nakata waya vipande vya urefu wa kidole, natia shanga tatu, nakunja kitanzi kila upande, naunganisha na kipande kinachofuata. Mkufu mmoja ulikuwa na vitanzi zaidi ya arobaini. Nilipomaliza nikaipanga kitandani, nikapiga picha, nikamtumia mama. Ilikuwa mizuri, wallahi ilikuwa mizuri.

Shughuli ilikuwa Machi, joto lile mnalolijua, ukumbi umejaa, watu wanacheza tangu saa moja usiku. Saa nne shangazi wa bibi harusi akaniita pembeni, akainua mkufu wake. Chini yake, juu ya kola ya gauni, palikuwa na mstari wa kahawia kama mtu kachora kwa kalamu. Nikazunguka meza hadi meza. Karibu kila aliyecheza alikuwa na doa. Binti mmoja shingo yote ilikuwa vipele, anajikuna mpaka machozi. Asubuhi yake wawili walijaribu kutoa doa kwa dawa yenye klorini, na doa la kutu ukilitia klorini ndiyo unalikaza kabisa. Nikarudisha 450,000 yote. Magauni mawili niliyapeleka kwa dobi wa kutumia dawa, 40,000. Shanga za 120,000 zikabaki zimefungwa ndani ya waya uliooza. Na yule shangazi hajanipa kazi tena hadi leo.

Nimekuja kujua baadaye kilichotokea. Waya ule ulikuwa chuma, juu umepakwa ngozi nyembamba ya rangi ya fedha. Kila ukikata kwa koleo, ncha inabaki chuma kitupu. Kila ukikunja kitanzi, meno ya koleo yanakwangua ile ngozi. Halafu tundu la ushanga wa kioo lina kingo kali, kila mvaaji akipumua ushanga unasugua palepale. Sasa ongeza jasho, ambalo ni maji na chumvi. Mkufu mmoja wenye vitanzi arobaini una ncha arobaini za kuanzia kutu! Ndiyo maana kwenye roli waya unaonekana msafi hata mwaka mzima, na shingoni haumalizi usiku mmoja. Vile vipele navyo, mara nyingi chanzo ni nikeli iliyomo kwenye mng'ao wa vitu vya bei rahisi. Kuna watu wengi ngozi yao haiivumilii kabisa.

Muuzaji wangu bado nina hasira naye. Nilimuuliza mara mbili, "Kaka, ni wa kuvaa mwilini?" Akanijibu, "Dada, hao wote wa mikufu wanachukua hapa." Alijua ni waya wa kufungia vitu. Ila hasira kubwa zaidi ninayo kwa yule aliyekuwa anatufundisha kwenye kundi la WhatsApp, tena kwa ada. Alitufundisha kukunja, kusokota, kupanga rangi, na kuhusu waya akasema neno moja tu: "Chukueni wowote unaong'aa, mteja anaangalia shanga." Mtu anayekufundisha kazi ya kukaa kwenye ngozi ya mwenzio halafu asikwambie hilo, amekula hela yako bure. Na mimi niliokoa elfu 14 tu kwa kutonunua waya mzuri. Elfu 14!

Kwa hiyo nakuomba, kama mdogo wangu: vaa waya kabla ya shanga. Kata kipande cha huo ulionunua, ukwangue kidogo kwa msasa, ukunje bangili, uvae siku saba. Oga nao, pika nao, lala nao. Kama huna siku saba, chukua kipande kingine, kitie kwenye glasi ya maji yenye kijiko kizima cha chumvi, ulaze hadi asubuhi. Chuma kitajisema chenyewe, maji yatageuka rangi. Na sumaku ya spika mbovu ya redio inakupa jibu papo hapo: ukinaswa kwa nguvu, ndani ni chuma, hata muuzaji aape.

Mimi sasa natumia waya wa shaba wenye vanishi, ule mpya wa kwenye roli wanaouzia mafundi wa kusuka mota, au stenlesi nikiupata. Usichukue wa mota iliyoungua, vanishi yake imeshakufa. Shaba ikichubuka itaacha ukijani shingoni kwa mwenye jasho jingi, lakini ule unatoka kwa sabuni. Unene, milimita 0.8 kwa vitanzi; shanga ndogo hazipitishi huo, tafuta 0.4. Na ukikosea kukunja usinyooshe na kukunja tena na tena palepale, waya unakuwa mgumu halafu unakatika. Nyuma ya shingo tengeneza ndoano kwa waya huohuo uliokwisha kuupima, maana vifungo vya dukani navyo vina kutu yake, na hapo ndipo jasho linapokaa. Ncha zote zigeuzie ndani na uzipige tupa.

Saizi ya shanga, kumbuka tu namba 8 ni kubwa kuliko namba 11, wengi hununua kinyume. Mengine tutaongea baadaye, kwa sasa sitaki hata uyafikirie.

Umesema sendofu ni mwezi ujao, basi muda unao. Usiku huu kabla hujalala weka kipande kwenye maji ya chumvi, kesho asubuhi tuwekee picha ya glasi hapa. Ukiona maji yamebadilika, roli lirudishe dukani na hiyo glasi mkononi.